UZI: Tovuti zinakufa kimyakimya. Namna maktaba zinavyozihifadhi, na hali ya tovuti zetu za Kiswahili

Mtunza Nyaraka

Wakuu, habari za leo.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila nikizungumza na watu nakutana na imani ileile, kwamba kitu kikishaingia mtandaoni hakitoki. Mimi ni mkutubi, na ninachokiona kazini ni kinyume kabisa. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya sampuli ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013, ambazo kilizijaribu tena Oktoba 2023. Asilimia 38 hazikufunguka. Gazeti la mwaka 1965 likikaa pakavu na mchwa wakazuiwa, leo unalisoma bila shida. Ukurasa wa mtandao hauhitaji hata mchwa. Mwenye tovuti asipolipia jina la tovuti yake mwaka mmoja tu, imekwisha.

Tena wanaopoteza si wazembe peke yao. Oktoba 2017 Wizara ya Nishati na Madini hapa Tanzania iligawanywa zikawa wizara mbili. Ni jambo la kawaida, serikali zote hufanya hivyo. Lakini wizara ikigawanyika na tovuti hugawanyika, anwani hubadilika, na kila tasnifu iliyotaja anwani ya zamani kwenye tanbihi hubaki ikimwelekeza msomaji pasipo na kitu. Kule Marekani watafiti wa Harvard walionyesha mwaka 2014 kwamba karibu nusu ya viungo vilivyotajwa ndani ya hukumu za Mahakama ya Juu havikuwa vikimfikisha msomaji kwenye taarifa iliyokusudiwa. Hukumu ipo, lakini ushahidi iliouegemea haupo.

Maktaba zilianza kulishughulikia jambo hili mwaka 1996. Mwaka huohuo Brewster Kahle alianzisha Internet Archive mjini San Francisco, Maktaba ya Taifa ya Australia ikaanzisha mradi wa PANDORA, na Maktaba ya Kifalme ya Sweden ikaanza kuvuna tovuti za nchi yake. Wanasema kuvuna, yaani kunakili tovuti ili kuzihifadhi, na neno linafaa. Australia walichagua tovuti chache, wakaomba ruhusa ya wenyewe na kukagua kila nakala kwa macho. Sweden walichukua kila walichoweza kukifikia. Mpaka leo maktaba nyingi huchanganya njia hizo mbili: mara chache kwa mwaka wanavuna kila tovuti ya nchi, halafu wanateua mambo machache, kwa mfano uchaguzi au mlipuko wa ugonjwa, na kuyafuatilia kwa karibu.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mkutubi anaandaa orodha ya anwani za kuanzia, wenyewe wanaziita mbegu. Roboti, yaani programu inayotembelea tovuti yenyewe, inafungua anwani ya kwanza, inachukua maandishi, picha, na faili za mpangilio wa ukurasa, inasoma viungo vyote vilivyomo, kisha inavifuata kimoja kimoja mpaka mipaka iliyowekewa na mkutubi. Inayotumiwa sana na maktaba za taifa inaitwa Heritrix. Internet Archive waliitengeneza kwa kushirikiana na maktaba za nchi za Nordiki. Vinavyovunwa huingizwa kwenye faili za aina ya WARC, muundo uliopitishwa mwaka 2009 kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 28500. Uzuri wa WARC ni kwamba haihifadhi sura ya ukurasa tu. Inahifadhi roboti iliomba nini, seva (kompyuta inayotunza tovuti) ilijibu nini neno kwa neno, na muda wa jibu hilo mpaka sekunde. Kwa hiyo skrinshoti haiwezi kusimama mahali pake. Skrinshoti mtu yeyote anaihariri, na hakuna kiungo kinachobofyeka ndani yake.

Mwenye swali aulize, na mnaojua zaidi ongezeni.


Msoma Magazeti

Asante kwa uzi, mkuu. Swali langu ni dogo. Google si wanayo nakala ya kila kitu? Zamani ukitafuta kitu kulikuwa na sehemu ya kufungua nakala waliyoihifadhi wao.


Mtunza Nyaraka

Ilikuwepo, mkuu, na wengi tuliitumia. Mapema mwaka 2024 Google waliiondoa. Baadaye mwaka huohuo wakaweka kiungo cha kumpeleka mtu Wayback Machine, ambayo ni dirisha la Internet Archive la kusomea nakala za zamani. Maana yake kampuni kubwa kuliko zote za utafutaji inamwelekeza msomaji kwenye shirika linaloishi kwa michango.

Nakala ya Google ilikuwa ya mwisho tu. Ukurasa ukibadilika, nayo inabadilika. Maktaba inaweka ya Machi, ya Juni na ya Desemba, kila moja na tarehe yake, ili mtu akitaka kujua tangazo fulani lilisemaje kabla halijarekebishwa aweze kuziweka tatu mbele yake na kulinganisha. Wayback Machine ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001, na Oktoba 2025 ilifikisha kurasa trilioni 1. Lakini ukitafuta humo tovuti ya halmashauri ya wilaya yetu moja, utakuta nakala tatu nne zilizochukuliwa kwa bahati, na kati yake miezi mingi mitupu. Hakuna mtu huku aliyeiambia roboti ije lini.


Fundi Seva

Niongezee upande wa ufundi maana ndiyo shughuli yangu.

Roboti haina akili ya kusoma kama sisi. Ikikutana na kalenda kwenye tovuti, ile yenye kitufe cha mwezi unaofuata, inabofya mwezi unaofuata, kisha unaofuata, mpaka inafika mwaka 2400 na bado inaendelea, kila ukurasa mtupu ukihesabiwa kuwa mpya. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuweka mipaka. Kinyume chake ni faili ya robots.txt. Wenye tovuti wengi huiweka kuzuia roboti zisichoshe seva, na bila kujua wanazuia hata folda ya picha na mpangilio. Maktaba ikiitii, inapata maandishi matupu yaliyopangwa hovyo. Denmark walishaamua kutoitii, kwa sababu sheria yao inawaagiza kukusanya.

Shida kubwa ya leo ni JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari. Tovuti ya mwaka 2002 ilikuwa inakuja nzima kutoka kwenye seva. Ya leo inakuja tupu, halafu kivinjari chako ndicho kinachoijenga kwa kuita data kutoka sehemu kumi tofauti, na habari nyingine haziji mpaka ushuke chini kwa kidole. Roboti ya kizamani haina kidole. Ndipo zikaja programu kama Browsertrix za kundi la Webrecorder, ambazo zinaendesha kivinjari halisi, zinashuka chini ya ukurasa na kucheza video, huku zikirekodi kila kinachopita kati ya kivinjari na seva.

Na hata ukivuna vizuri, kusoma ni kazi nyingine. Michezo na michoro iliyotengenezwa kwa Flash ilikuwa imevunwa kwa wingi, lakini Adobe waliacha kuitunza Flash mwisho wa mwaka 2020 na vivinjari vikaikataa. Faili zipo salama, hakuna cha kuzifungulia. Wapenzi wa mambo hayo wakaandika Ruffle, programu inayoigiza Flash ndani ya kivinjari cha sasa, na vingi vikafunguka tena. Huwezi kuvuna ukafunga kabati ukaenda nyumbani. Kila miaka michache lazima urudi uone kama kinachofungua faili zako bado kipo.


Bint Likoni

Hamjambo nyote. Nachangia kutoka upande wa Kenya.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Mei 2013. Ni ripoti nzito, ina mauaji ya Wagalla kule kaskazini, ina dhuluma za ardhi hapa Pwani ambazo wazee wetu walienda wenyewe kuzitolea ushahidi. Sura ya ardhi ilizua ugomvi, makamishna watatu wa kigeni wakapinga waziwazi mabadiliko yaliyoingizwa mwishoni. Tume ni ya muda. Ikiisha, wafanyakazi wanaondoka, na tovuti nayo haina tena wa kuiangalia.

Ripoti na nyaraka zake unazipata leo kwa uhakika kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani, kwa sababu mmoja wa makamishna, Ronald Slye, ni profesa wa sheria pale. Nawashukuru kwa dhati. Lakini inaniuma kwamba mjukuu wa mtu wa Kwale akitaka kusoma alichosema babu yake kuhusu shamba lake, anakipata Seattle. Pale Nairobi tuna jengo zuri la Nyaraka za Taifa na watu wanaoijua kazi yao. Wapeni seva, mafunzo na amri ya kisheria, muone kama hawataweza.


Mtunza Nyaraka

Dada Bint Likoni, umegusa penyewe. Taasisi za muda ndizo za kuvunwa kwanza: tume, kamati za uchunguzi, miradi ya wafadhili yenye mwanzo na mwisho. Siku ya kufunga ofisi inajulikana tangu mwanzo.

Nitoe mfano uliofanyika vizuri, na umefanyika hapahapa kwetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ikafanya kazi Arusha. Ilishtaki watu 93. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 1998 ndiyo ya kwanza ambayo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kwa kuwa ilijua inafungwa, mipango ilifanywa mapema: kumbukumbu zikakabidhiwa kwa chombo kilichorithi kazi zake, ambacho kina jengo la nyaraka Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, na tovuti ya mahakama ikaachwa hewani chini ya anwani ya chombo hicho kama tovuti ya urithi. Haibadilishwi tena, ila inafunguka. Mtu aliyeko Kigali, Bujumbura au Bukavu akitaka kusoma mashtaka na hukumu, anaingia anasoma.

Angalieni tofauti yake na kuvuna. Pale wamebakiza tovuti yenyewe. Njia hiyo ni nzuri mradi kuna mtu wa kuilipia na kuilinda isidukuliwe. Akiondoka huyo, kinachobaki ni WARC. Taasisi makini hufanya yote mawili.


Kijana wa Hoja

Samahani, mimi sikubaliani sana. Mtandaoni kuna uchafu mwingi, umbea, matangazo ya waganga, picha za watu wanakula. Nchi zenye uhaba wa madawati zitumie fedha kuhifadhi hayo? Wachague vitu vya maana tu, mengine yafe.


Mtunza Nyaraka

Hoja yako ni ya haki, na kuchagua ni kweli kunahitajika. Hakuna maktaba inayohifadhi vyote. Library of Congress ya Marekani ilipewa tweet zote za umma tangu mwaka 2006, ikatangaza hivyo mwaka 2010 kwa furaha kubwa. Kuanzia Januari 2018 iliacha kuchukua zote, ikawa inachagua, na ule mzigo wa kwanza haujafunguliwa kwa wasomaji. Taasisi tajiri kama ile ilielemewa.

Ila nakuomba uangalie GeoCities. Ilikuwa sehemu ya watu wa kawaida kujitengenezea kurasa zao miaka ya 1990: za familia, za wanamuziki wanaowapenda, za kuomboleza wapendwa. Waliojiona wajuzi wa wakati ule waliicheka. Yahoo waliifunga Oktoba 2009. Kundi la kujitolea la Archive Team, likiongozwa na Jason Scott, lilikimbizana na muda na kuokoa sehemu kubwa. Leo wanahistoria wanaitumia kujua watu wasio maarufu waliutumiaje mtandao walipoupata kwa mara ya kwanza. Profesa anaacha kitabu. Mama aliyeandika ukurasa wa kumkumbuka mwanawe hakuacha maandishi mengine popote.

Na hayo matangazo ya waganga unayoyataja, mtafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2060 atayahitaji kuliko hotuba ya waziri. Yanaonyesha watu walikuwa wanaumwa nini, wanaogopa nini, na walikuwa tayari kulipa kiasi gani.


Mwanasheria Kijana

Wadau, kuna upande wa sheria lazima tuuseme.

Ukurasa wa mtandao una hakimiliki kama kitabu. Kuunakili mzima bila idhini ni kosa, isipokuwa sheria ikuruhusu. Nchi zilizofanikiwa zilirekebisha sheria ile inayomlazimu mchapaji kupeleka nakala ya kitabu maktaba ya taifa, zikaifikisha mtandaoni. Denmark ni Julai 2005. Ufaransa ni Agosti 2006, wakaligawa jukumu: maktaba ya taifa inavuna tovuti kwa jumla, taasisi ya INA inavuna za redio na televisheni. Uingereza ni tarehe 6 Aprili 2013. Afrika Kusini walishaandika sheria yao ya mwaka 1997 kwa upana unaotosha kugusa hata nyaraka za kielektroniki. Sheria zetu za Afrika Mashariki ziliandikwa zikiwa na picha ya kitabu na gazeti la karatasi.

Bei ya ruhusa hiyo ni masharti ya kusoma. Uingereza, sehemu kubwa ya walichovuna kwa nguvu ya sheria unaisoma ukiwa umeketi ndani ya moja ya maktaba sita zilizotajwa, na ukurasa mmoja husomwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja katika kila maktaba, kana kwamba ni kitabu cha karatasi. Mimi naona hilo limepitiliza. Ureno wanafanya vizuri zaidi: Arquivo.pt iko wazi kwa dunia nzima, unatafuta kwa neno lolote, ila wanasubiri mwaka mmoja kabla ya kuonyesha walichovuna, ili wasimharibie mwenye gazeti biashara yake.

Halafu kuna faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Ya Kenya ni ya 2019. Mtu aliyeandikwa vibaya akiwa na miaka 17 ana haki ya kusikilizwa. Sheria ya Ulaya inampa mtu haki ya kufutwa lakini inaacha nafasi kwa nyaraka zinazotunzwa kwa manufaa ya umma. Ningependa na sisi tuandike kifungu cha namna hiyo, cha wazi, mkutubi asifanye kazi akiogopa kushtakiwa.


Msoma Magazeti

Nimejifunza mengi. Je, hizi hifadhi zenyewe ziko salama? Niliona habari kwamba walidukuliwa.


Fundi Seva

Walidukuliwa kweli. Oktoba 2023 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilishambuliwa na genge la Rhysida, likadai bitcoin 20. Maktaba haikulipa, na genge likamwaga mtandaoni kama gigabaiti 600 za data ya ndani. Hifadhi ya tovuti za Uingereza ilizimika kwa muda mrefu. Oktoba 2024 ikafuata Internet Archive: taarifa za akaunti milioni 31 za watumiaji zilivuja na huduma ikazimwa kwa siku kadhaa, ingawa nakala za kurasa zilibaki salama.

Dawa yake inajulikana: nakala nyingi, mahali pengi, chini ya watu tofauti. Na hapa Afrika imo. Bibliotheca Alexandrina ya Misri, ilipofunguliwa mwaka 2002, ilipokea nakala ya hifadhi ya Internet Archive ya miaka 1996 mpaka 2001. San Francisco ni mji wa matetemeko, na mwenye hifadhi hakutaka kuacha kila kitu pale.

Lakini kuna hatari mpya isiyo ya wadukuzi. Agosti 2025 Reddit walitangaza kuizuia Wayback Machine isichukue mijadala yao, wakidai kampuni za akili mnemba zinapitia humo kuchota maandishi. Kwa hiyo mijadala ya watu, ambayo ni ngumu kuvuna hata bila zuio, sasa inafungiwa mlango kwa ugomvi ambao maktaba si sehemu yake.


Nyota ya Kagera

Nimekuwa nikisoma kimya, leo lazima niandike.

Mimi ni wa kizazi cha blogu. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alikuwa anaandika Jikomboe kwa Kiswahili na kuwahimiza wengine waanze, Issa Michuzi akaanza yake mwaka 2005, na baada ya hapo tukafurika. Mashairi, siasa, mapishi, ugomvi wa sarufi, barua kutoka ughaibuni. Watu walikuwa wanabishana kwenye maoni mpaka usiku wa manane, kwa Kiswahili fasaha. Kabla ya hapo wengi walioko nje walikutana kwenye vikundi vya Yahoo. Vile vikundi Yahoo walifuta maudhui yake Desemba 2019. Blogu zikafifia, wengine wakahamia Facebook, wengine walifariki na neno lao la siri wakaenda nalo.

Kisha zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018, zilizotaka mwenye blogu alipie leseni kwa ada ambayo mwandishi wa kujitolea hakuiweza. Juni 2018 hata JamiiForums ilijifunga kwa muda. Wenye blogu ndogo wengi hawakurudi. Sijasikia mkutubi wala mtu wa nyaraka aliyekuja kusema, kabla hamjafunga, turuhusuni tunakili.

Blogu yangu ya Blogspot bado ipo, ila picha nyingi zilikuwa nimeziweka kwenye huduma nyingine na zimeshatoweka. Naomba kujua nifanye nini na kilichobaki.


Mtunza Nyaraka

Dada, pole, na asante kwa kuyaandika haya. Hicho kipindi ulichokieleza ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za Afrika zilizotangulia kuwa na waandishi wengi wa kawaida mtandaoni, na sehemu kubwa ya kazi yao iko mikononi mwa kampuni zisizojua hata kama ipo.

Fanya mambo matatu, yote bure.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya Blogger, huduma inayoendesha blogu za Blogspot, pakua nakala ya blogu nzima. Utapata faili moja yenye maandishi na maoni yote. Picha hazimo, kwa hiyo zipakue peke yake.

Pili, ingia Wayback Machine, kuna sehemu ya kuhifadhi ukurasa sasa hivi. Bandika anwani ya kila makala unayoithamini. Usibandike ukurasa wa mbele peke yake ukadhani zote zimeingia. Ukiwa humo, tafuta nakala za zamani za blogu yako, huenda baadhi ya picha zilizotoweka zilivunwa kabla hazijafa.

Tatu, sakinisha programu ndogo ya ArchiveWeb.page kwenye kivinjari chako. Washa kurekodi, kisha pitia blogu yako taratibu kama msomaji. Ukimaliza, unapakua faili ya WACZ, ambayo ni WARC pamoja na faharasa yake kwenye kifurushi kimoja, na unaifungua kwa ReplayWeb.page hata bila intaneti. Weka faili moja nyumbani, moja kwa mtu unayemwamini katika mji mwingine. Andika na barua ya ukurasa mmoja: blogu hii ni ya nani, iliandikwa miaka gani, unaruhusu itumiweje. Barua hiyo ndiyo itakayomwezesha mkutubi wa kesho kuipokea bila kuogopa kifungu chochote alichotaja mwanasheria wetu.

Kazi hii si ya wataalamu peke yao. Machi 2022 vita vilipopamba moto Ukraine, wakutubi na watu wa kujitolea zaidi ya elfu moja kutoka nchi nyingi walijikusanya kwa jina la SUCHO, wakavuna tovuti za makumbusho, maktaba na nyaraka za nchi ile, zaidi ya 5,000, kwa kutumia programu hizihizi. Baadhi ya seva zilizimika muda mfupi baada ya kuvunwa.


Mwalimu Sengerema

Mimi ni mwalimu wa historia kidato cha tano na sita. Nataka wanafunzi wangu watumie nakala hizi kwenye kazi zao. Wanazitajaje, na wanazisomaje bila kudanganyika?


Mtunza Nyaraka

Mwalimu, swali lako ni zuri na watu wazima wengi hawaliulizi.

Anwani ya Wayback Machine ina tarakimu 14 katikati. Mfano 20181104093000: mwaka 2018, mwezi wa 11, tarehe 4, kisha 09:30:00 kwa saa za Greenwich. Afrika Mashariki ongeza saa 3, yaani saa sita na nusu mchana. Mwanafunzi ataje anwani ya asili pamoja na tarehe hiyo ya kuvunwa. Asitaje tarehe aliyoisoma yeye peke yake.

Kuhusu kudanganyika: ukurasa ule haukupigwa kwa mara moja kama picha. Roboti ilichukua maandishi leo, na huenda picha iliyomo ndani yake ilichukuliwa miezi baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Old Dominion walionyesha ukurasa wa hali ya hewa wa mji mdogo wa Iowa. Maandishi ya Desemba 2004 yanasema kuna manyunyu, picha ya rada pembeni inaonyesha anga safi, kwa sababu ilivunwa miezi 9 baadaye. Ukurasa wa namna ile hakuna aliyewahi kuuona. Kwa hiyo mwanafunzi akijenga hoja juu ya picha, afungue picha yenyewe peke yake aone tarakimu zake 14. Kwenye Wayback Machine kuna pia sehemu inayoorodhesha vipande vya ukurasa na tofauti ya muda wa kila kimoja. Na akikuta tovuti haina nakala kwa mwaka fulani, asiandike kwamba haikuwepo. Aandike kwamba haikuvunwa.


Nyota ya Kagera

Nimerudi. Nimesakinisha ArchiveWeb.page na nimerekodi makala zangu zote. Maandishi yanafunguka vizuri hata nikizima data. Ila kuna makala moja nilipachika sauti ya bibi akisimulia kwa Kihaya, na kwenye nakala nikibofya haichezi.


Fundi Seva

Rudi kwenye makala hiyo ukiwa umewasha kurekodi, bofya sauti na uiache icheze mpaka mwisho bila kuruka mbele. Programu inarekodi kile tu kilichoitishwa na kivinjari, na sauti haiitishwi mpaka uibofye. Ukimaliza, zima data, fungua nakala, sikiliza yote. Na faili halisi ya sauti kama unayo, iweke kando pamoja na jina la bibi, kijiji na mwaka.


Nyota ya Kagera

Imecheza mpaka mwisho. Faili ninayo, naiandikia maelezo sasa hivi.